Septrin ya Jumatatu, sukuma ya Ijumaa

Umewahi kujiuliza kile kidonge cha septrin ulichomeza Jumatatu kiko wapi leo? Wengi wetu tunadhani kikishashuka kooni hadithi imeisha. Kinapigana na viini, unapata nafuu, maisha yanaendelea. Kumbe mwili wa binadamu si tanuri la kuchoma kila kinachoingia. Ukimeza amoxil, zaidi ya nusu ya dawa hiyo hutoka na mkojo ikiwa bado ni dawa, nguvu zake zipo. Cipro nayo, sehemu kubwa hutoka hivyo hivyo. Unavuta maji ya choo, au kama ploti yenu ni ya choo cha shimo unajiendea tu, na dawa inaanza safari ya pili ambayo daktari hakuiandika kwenye karatasi.

Kwa mkazi wa Nairobi, safari hiyo mara nyingi huishia mtoni. Na kutoka mtoni hadi kwenye sahani yako si mbali vile.

Mwaka 2016 mtafiti Elizabeth Ngumba na wenzake, wakishirikisha Chuo Kikuu cha JKUAT na kile cha Jyväskylä nchini Finland, walichapisha matokeo ya kupima maji ya Mto Nairobi na vijito vyake. Walikuwa wakitafuta dawa. Wakazipata. Kulikuwa na sulfamethoxazole na trimethoprim, yaani zile dawa mbili ambazo zikiunganishwa ndizo septrin. Kulikuwa na ciprofloxacin. Kulikuwa pia na dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV, kama lamivudine, zidovudine na nevirapine. Iliyoongoza kwa wingi ni sulfamethoxazole.

Ukifikiria kidogo, si ajabu. Septrin ni dawa ya bei nafuu inayopatikana karibu kila duka la dawa mtaani, na kwa miaka mingi watu wanaoishi na HIV nchini wamekuwa wakipewa waimeze kila siku ili kuzuia magonjwa nyemelezi. Isieleweke vibaya: septrin hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, na aliyeandikiwa aendelee kumeza. Kosa si la mgonjwa. Swali ni kwa nini dawa iliyopita mwilini mwa mtu wa Mathare au Kibera iko mtoni, badala ya kuwa kwenye bomba linaloelekea mahali pa kusafishwa.

Mto unazungumza juu ya mji kuliko takwimu za serikali. Unasema tunakunywa nini, tunameza nini na mabomba yetu yametoboka wapi.

Maji yasiyokauka

Ukitoka mjini kwa barabara ya Kangundo, ukipita Njiru ukielekea Ruai, utaona kijani kibichi hata Januari, wakati nyasi za pembeni mwa barabara zimegeuka rangi ya chai. Sukuma wiki, spinachi, terere, managu, nduma, migomba, nyasi za ng'ombe. Eneo la Maili Saba linajulikana kwa hilo tangu zamani. Hapo ndipo linapita bomba kuu linalobeba majitaka ya jiji kuyapeleka kwenye mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai, ambayo rasmi huitwa mtambo wa Dandora. Watafiti waliofika Maili Saba miaka ya mwanzoni ya 2000 walikuta wakulima wameyafungulia njia majitaka kutoka kwenye bomba hilo kabla hayajafika kusafishwa, wakayaongoza kwa mitaro hadi mashambani. Kibera nako, kando ya Mto Ngong na vijito vyake, hali haikuwa tofauti.

Ni rahisi kukunja pua. Ila kaa kwenye viatu vya mkulima. Hana shamba la urithi. Analima kiploti ambacho si chake, pengine chini ya nyaya za umeme ama kando ya reli. Hawezi kulipia maji ya mfereji kumwagilia mboga, na hata angeweza, kuna wiki nzima mfereji unatoa hewa. Mbolea ya dukani inapanda bei kila msimu. Halafu kuna haya maji meusi yanayopita hapo mlangoni usiku na mchana, yasiyojua kiangazi, yaliyojaa naitrojeni na fosforasi, vitu vile vile anavyouziwa kwenye gunia la mbolea. Na sukuma huwa ghali kiangazi, wakati wale wanaotegemea mvua hawana kitu. Kama ni hesabu ya biashara tu, aliyeyaacha yapite ndiye wa kushangaza.

Na si Wakenya peke yao. Mwaka 2017 wanasayansi waliokusanya takwimu za dunia walikadiria kwamba takriban hekta milioni 36 za mashamba ya umwagiliaji yaliyo karibu na miji hutegemea maji yenye kiwango kikubwa cha majitaka ya miji hiyo. Kati ya hizo, zaidi ya hekta milioni 29 ziko katika nchi ambazo majitaka mengi hayasafishwi. Miji ya Ghana, Pakistan, India, Mexico, yote iko humo.

Kwa miaka mingi hofu ya mboga hizi ilikuwa minyoo, kipindupindu na taifodi, pamoja na madini kama risasi kutoka viwandani. Mto Ngong unapita katikati ya Industrial Area, basi unaweza kufikiria unachobeba. Hofu hizo bado zipo. Lakini kuna jambo jingine limeongezeka juu yake, na hili halina harufu.

Viini vinavyokopeshana

Tulifundishwa shuleni kwamba usugu wa dawa huja hivi: usipomaliza dozi, viini vyenye nguvu vinabaki, vinazaana, na kesho dawa haikusaidii. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya hadithi, tena nusu inayomwekea lawama zote mtu mmoja mwenye kikohozi. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penicillin, alionya kuhusu kumeza dawa kidogo kuliko inavyotakiwa alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Alichokuwa hajakiona wakati ule ni jinsi bakteria wanavyosaidiana.

Bakteria hawangoji kuzaa ili kurithisha ujanja. Wengi wao hubeba viduara vidogo vya DNA vinavyoitwa plasmidi, vilivyo kando na DNA yao kuu. Chukulia plasmidi kama simu ya mkononi yenye programu ndani: bakteria mmoja anaweza kumsogelea mwenzake, wakagusana, akamtumia nakala. Aliyepokea anaondoka na ujanja wa kuishinda dawa ambayo hajawahi hata kukutana nayo. Na si lazima wawe wa ukoo mmoja. Bakteria wa tumboni asiyekudhuru anaweza kumpa anayeua.

Sasa basi, ungetaka kuandaa mkutano wa bakteria ukapata mahali pazuri, ungechagua wapi? Mahali penye joto la wastani, chakula tele, bakteria kutoka matumbo ya watu laki kadhaa, wa kuku, wa ng'ombe, wa wagonjwa waliolazwa hospitalini, wote wakiwa pamoja. Nyunyiza antibiotiki kidogo, isiyotosha kuwaua lakini inayotosha kuwapa faida wale wenye usugu. Ongeza madini kama shaba na zinki, kwa sababu jeni za kuhimili madini mara nyingine hukaa kwenye plasmidi moja na za kuhimili dawa, hivi kwamba kimoja kikihitajika kingine kinabebwa bure. Umeshapata picha. Hilo ni bomba la majitaka.

Kwamba jambo hili si la maabara tu, Pakistan inajua. Novemba 2016, mjini Hyderabad katika mkoa wa Sindh, madaktari walianza kuona watoto wenye taifodi isiyosikia dawa. Haikusikia amoxil, haikusikia septrin, haikusikia chloramphenicol, haikusikia cipro, na hata ceftriaxone, ile sindano inayotegemewa hospitalini mambo yakiwa magumu, ilishindwa. Wachunguzi waliposoma DNA ya bakteria hao walikuta ni taifodi ya kawaida ya eneo hilo, ya ukoo uitwao H58, iliyokuwa imepokea plasmidi ya ziada kama zile zinazopatikana kwa bakteria wengine wa tumboni. Yaani ilikopeshwa. Na mlipuko wenyewe ulihusishwa na maji ya kunywa yaliyochanganyika na majitaka. Dawa ya vidonge iliyobaki ya kutegemewa ilikuwa moja tu, azithromycin.

Kwa nini Mkenya ajali habari za Sindh? Kwa sababu H58 iko hapa pia. Watafiti wa KEMRI na wenzao waliripoti mwaka 2010 kwamba taifodi sugu iliyotawala Kenya ni ya ukoo huo huo unaosambaa Kusini-mashariki mwa Asia. Taifodi yetu tayari ilikuwa inashinda dawa kadhaa za zamani. Haijahitaji kusafiri kutafuta mkopo wa pili. Soko la mikopo liko kwenye mtaro nyuma ya ploti. Julai 2025 serikali ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi, hatua nzuri kabisa, lakini chanjo ya taifodi haizuii E. coli wala ndugu zake wengine wanaobeba jeni hizo hizo.

Na E. coli ndiye aliyefuatiliwa zaidi hapa Nairobi. Katika utafiti mkubwa uliohusisha taasisi ya mifugo ya ILRI, KEMRI, Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Uingereza, watafiti walizunguka nyumba 99 za wafugaji mjini, kuanzia mitaa ya kifahari hadi vitongoji duni, wakachukua sampuli za watu, mifugo na wanyamapori wanaoishi karibu na binadamu. Walisoma DNA ya E. coli zaidi ya 1,300. Mojawapo ya mambo waliyokuta ni kwamba ndege na wanyamapori wa mjini nao wanabeba bakteria wenye usugu dhidi ya dawa za binadamu. Hebu fikiria: hakuna aliyempeleka ndege kwa duka la dawa kununua tetracycline. Aliupata usugu wake pale anapodonoa, kwenye kinyesi, kwenye samadi, kwenye taka. Kisha anaruka.

Kwa hivyo ukiambiwa watu milioni 1.27 walikufa duniani mwaka 2019 moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria yaliyoshinda dawa, na kwamba Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha vifo hivyo, usifikirie tu mtu aliyeacha dozi ikiwa imebaki vidonge vinne. Fikiria pia mabomba. Mwaka 2018 Peter Collignon, daktari wa Australia, na wenzake walilinganisha nchi nyingi ili kuona ni nini kinachoendana na usugu. Wengi wangetarajia kwamba nchi zinazomeza antibiotiki nyingi ndizo zingeongoza. Hazikuongoza. Kilichohusiana zaidi na usugu mdogo kilikuwa miundombinu bora, ikiwemo usafi wa mazingira, na utawala bora. Mwaka uliofuata watafiti waliopima majitaka kutoka maeneo 79 katika nchi 60 wakafikia jambo linalofanana na hilo: majitaka ya miji ya Afrika, Asia na Amerika Kusini yalikuwa na jeni nyingi zaidi za usugu kuliko ya Ulaya, na tofauti hiyo iliendana na hali ya maisha, afya na mazingira ya watu.

Nasema hivi kwa sababu kampeni nyingi zinazotulenga vijana huishia kwenye bango moja: maliza dozi. Sawa, tutamaliza. Nani atamaliza bomba?

Je, mboga ndizo mbaya?

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu kidogo, maana jibu si ndiyo wala hapana, na ukiona mtu mtandaoni anapiga kelele kwamba sukuma yote ya Nairobi ni sumu, jua hajasoma.

Nenda Mexico kwanza. Kaskazini mwa Mexico City kuna bonde linaloitwa Mezquital. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, majitaka ya jiji hilo yamekuwa yakielekezwa huko kumwagilia mahindi na majani ya mifugo, kwa muda mrefu bila kusafishwa kabisa. Lilikuwa jangwa kavu, likawa ghala. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2012 walichimba udongo wa mashamba yaliyoanza kumwagiliwa nyakati tofauti, mengine hayajawahi, mengine yamemwagiliwa karibu miaka 100. Waliona dawa kama sulfamethoxazole na ciprofloxacin zikijikusanya udongoni mwaka baada ya mwaka mpaka zikafika kikomo baada ya miongo miwili au mitatu, na jeni za usugu dhidi ya dawa za sulfa zikiwa zimeongezeka kwenye mashamba yenye majitaka.

Sasa nenda Israel, nchi inayotumia tena karibu asilimia 90 ya majitaka yake, mengi yakienda shambani. Ungetarajia udongo wao uwe hatari tupu. Mwaka huo huo wa 2012, wanasayansi wa huko walilinganisha mashamba yaliyomwagiliwa kwa miaka mingi kwa majitaka yaliyosafishwa na yale yaliyotumia maji safi. Viwango vya jeni za usugu vilikaribiana, na mahali pengine vilikuwa chini kwenye mashamba ya majitaka. Bakteria waliobaki kwenye maji yale, wakishafika udongoni, walikuta wenyeji wengi wenye njaa na mizizi yao, wakashindwa kuishi.

Udongo, unajua, si mgeni kwa vita hivi. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyotibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni. Huko chini wamekuwa wakitengeneza silaha na ngao miaka mamilioni kabla yetu. Kwa hivyo usugu kuwepo udongoni si habari. Habari ni tunapomwaga humo, kila siku, bakteria waliotoka matumboni mwa watu wakiwa na jeni za kushinda dawa za hospitali, kisha tukang'oa dania kutoka udongo huo na kuikatia kachumbari.

Tofauti kati ya Mezquital na Israel, kwa ufupi, ni mtambo uliosimama kati ya choo na shamba. Kusafisha hakuondoi kila jeni, wanasayansi wote wanakubali. Lakini kunapunguza bakteria na dawa kiasi kwamba udongo unaweza kujitetea. Mabwawa ya Ruai hufanya kazi hiyo bila mashine za ajabu: maji yanakaa siku nyingi bwawa baada ya bwawa, uchafu unatulia chini, jua linapiga, bakteria wa tumboni wanakufa. Shida ni yale yasiyofika Ruai. Ni bomba lililopasuka, lililofunguliwa njiani, na mitaa ambayo haikuwahi kuunganishwa na bomba lolote.

Kilichotokea Santiago

Kuna mji mmoja uliopitia njia hii ukatoka upande wa pili, na ningependa kila mwakilishi wa wadi ausikie. Santiago, mji mkuu wa Chile, katika miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa na taifodi ya kudumu, kila kiangazi inapanda. Jambo la kushangaza ni kwamba maji ya mfereji yalikuwa safi na nyumba nyingi zilikuwa na vyoo vya kuvuta. Taifodi ilikuwa inatoka wapi? Majitaka ya vyoo hivyo yaliingia mitoni bila kusafishwa, na mito hiyo ilimwagilia saladi na mboga zilizouzwa mjini. Matajiri na maskini wote walikula.

Wataalamu walilijua hilo muda mrefu. Hakuna kilichofanyika. Kisha Januari 1991 kipindupindu kikalipuka nchini Peru, jirani yao, na kufika Chile miezi michache baadaye. Serikali ikashtuka. Ikapiga marufuku kumwagilia kwa majitaka mboga zinazoliwa mbichi, ikalima na kuharibu mashamba yaliyokiuka, ikawaambia watu wapike. Kipindupindu kilizimwa kikiwa na wagonjwa wachache. Lakini zawadi kubwa haikutarajiwa: taifodi, iliyokuwa imewasumbua kwa miongo, iliporomoka mara moja na haikurudi. Mitambo ya kusafisha majitaka ya mji ilifuata baadaye.

Ninachokipenda na kukiogopa katika hadithi ya Santiago ni kitu kimoja. Marufuku ilifanya kazi. Ila wakulima wale walioharibiwa mashamba, nani aliwalipa? Hapa Kenya tunayo sheria tayari: kanuni za ubora wa maji haziruhusu majitaka kutumiwa kumwagilia mpaka yafikie viwango vilivyowekwa. Kila baada ya muda fulani maafisa hufika, wanafyeka mboga, picha zinapigwa, wanarudi mjini. Wiki mbili baadaye mche mpya umepandwa, kwa maji yale yale, na kijana aliyekuwa akikodisha kiploti hicho ana deni jipya. Sheria ya kufyeka sukuma bila kuziba bomba ni kama kudeki sakafu huku mfereji umeachwa wazi.

Kati ya sasa na bomba jipya

Mtambo mpya wa majitaka huchukua miaka na mabilioni ya shilingi. Kabla ya hapo watu watakula. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2006 unaokubali ukweli huu: pale ambapo huwezi kusafisha maji yote, weka vizuizi kadhaa njiani, kila kimoja kipunguze viini kidogo.

Huko Accra na Kumasi nchini Ghana, watafiti wa taasisi ya maji ya IWMI walifanya majaribio na wakulima wenyewe, si ofisini. Mambo waliyojaribu ni ya mkono mtupu. Chimba kidimbwi, acha maji yatulie, mayai ya minyoo yanazama. Unapochota, usikoroge chini. Ukitumia mkebe wa kumwagilia, ushushe karibu na ardhi, usimwage kutoka juu, kwa sababu matone yakigonga udongo hurushia majani matope. Ukiweza kumwagilia mizizi kwa mtaro au kwa mipira ya matone, majani hayaguswi kabisa. Na siku chache kabla ya kuvuna, acha kumwagilia, jua lifanye kazi yake. Hili la mwisho ni gumu kwa sukuma Nairobi, kwa sababu mteja anataka jani nyororo na siku tatu za jua kali hulifanya linyauke. Mkulima atapoteza pesa. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mwongozo hauwezi kumaliza.

Kama wewe ni kijana unayelima, na siku hizi ni wengi, kuna chaguo jingine: badilisha kinachokua kwenye maji hayo. Nyasi za ng'ombe, miche ya miti, maua, hata mahindi yanayochemshwa au kukaushwa, hatari yake iko chini sana kuliko dania na letasi. Na uvae gambuti na glavu. Anayeguswa kwanza na majitaka si mlaji, ni wewe.

Jikoni nako, mbele ya sufuria, kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Usugu wa dawa si usugu wa moto. E. coli anayeshinda ceftriaxone hufa kwenye sufuria kama ndugu yake asiye na usugu wowote. Sukuma ikiiva, bakteria wameenda. Shida iko kabla ya moto na kando ya moto: ubao ulioukatia mboga kisha ukakatia nyanya za kachumbari, kisu, mikono, na ile dania inayotupiwa juu ya nyama choma mwishoni ikiwa mbichi. Mama mboga akikukatia sukuma kabisa, amekuokolea muda, lakini majani yamekatwa kabla ya kuoshwa, na kisu kimepita mafungu ya watu ishirini. Nunua mazima, osha jani moja moja kwa maji safi yanayotiririka, ndipo ukate. Za kuliwa mbichi, loweka kwa muda kwenye maji yenye dawa ya kutibu maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha suuza.

Na vidonge vilivyobaki? Usitupe chooni. Unavirudisha pale pale. Waulize wa duka la dawa au hospitali kama wanapokea dawa zilizobaki, wengine hupokea. Halafu ile tabia ya kwenda dirishani na kusema "nipe amoxil za mia," bila cheti, kwa homa ambayo pengine ni ya virusi na haisikii antibiotiki hata kidogo, tuiache tu. Kisheria antibiotiki ni dawa za kuandikiwa. Vidonge vinne vya amoxil haviponyi mafua, ila vinatosha kuingia kwenye mtaro.

Maji yakishavuka Ruai, yale yaliyosafishwa na yale yaliyoponyoka, huungana katika Mto Nairobi, kisha Mto Athi. Athi unashuka kupitia Ukambani, ambako wakulima kando yake wanapampu maji kumwagilia nyanya na vitunguu vinavyorudi sokoni Nairobi na Mombasa kwa lori. Mbele zaidi mto huo huitwa Galana, kisha Sabaki, na unaingia baharini kaskazini mwa Malindi. Huko wavuvi wanajua rangi yake msimu wa mvua, kahawia hadi mbali na ufuo.